Mwezi unatoka kabla wanafunzi hawajauona: nichague kichwa gani cha tripodi kwa darubini ndogo?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi kutoka Kondoa. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata. Nina darubini ndogo ya lenzi, kipenyo milimita 80, urefu wa fokasi milimita 400, na lenzi zake mbili za jicho, ya milimita 20 na ya milimita 10. Ikiwa imevaa kioo chake cha kona na kielekezi cha nukta nyekundu, mizani ya dukani inasoma kilo 1.8. Tripodi nilipewa na mpiga picha aliyeacha kazi. Miguu yake ya alumini ni imara kweli, ila kichwa kilikuwa kimevunjika, ikabaki skrubu nene tu pale juu. Nikanunua kichwa cha gololi, kile kinachokazwa kwa kitasa kimoja, maana kwenye boksi kimeandikwa kinabeba kilo 8.

Shida ndiyo hii. Nikiulenga Mwezi na kukaza, nikiachia mkono picha inashuka. Inabidi nilenge juu zaidi na kubahatisha ushukie mahali pake. Nikilegeza ili niufuate, darubini nzima inalala upande. Mwezi ukiwa juu kabisa ndiyo sina la kufanya. Foleni ni ya watoto thelathini na zaidi, na kabla haijafika katikati kitu kimeshatoka kwenye lenzi. Linaloniuma ni adabu yao: mtoto anainama, ananyanyuka, anasema "nimeona, mwalimu", na mimi nikichungulia baada yake nakuta giza tupu.

Binamu yangu anafanya kazi Muscat na anakuja likizo. Amesema ataniletea kitu kimoja, nichague mwenyewe. Yeye anapendekeza stendi ya ikweta kwa sababu ameambiwa ndiyo wanayotumia wanaastronomia wenyewe. Fundi kamera wa Dodoma anasema ninunue kichwa cha gololi kikubwa zaidi, cha kilo 15 au 20. Rafiki yangu anayepiga video za harusi anasema kichwa cha video kinatosha. Darubini huwa naipeleka pia shule za msingi za jirani kwa bodaboda, ndani ya begi la mgongoni, kwa hiyo kitu kikubwa sikiwezi. Naomba unisaidie.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

JIBU

Mwalimu, hao watoto wanaosema wameona ilhali hawajaona ndio walionifanya nikujibu kwa urefu. Mtoto akichungulia mara ya kwanza akakuta giza, ataamini kwamba tatizo ni macho yake au akili yake, na hatarudi kuuliza. Kumbe tatizo ni kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi.

Nianze na jibu lenyewe. Mwambie binamu alete kichwa kidogo cha mihimili miwili: mmoja wa kuzunguka kushoto na kulia, mwingine wa kupanda na kushuka, basi. Kiwe cha aina ambayo darubini hufungwa ubavuni mwake, si juu yake, na kiwe na vitasa vya mwendo wa polepole kwenye mihimili yote miwili. Stendi ya ikweta asilete. Gololi kubwa zaidi usinunue. Rafiki yako wa harusi yuko karibu na ukweli kuliko wote, na nitamrudia.

Tuanze na kile hasa unachokihitaji, kwa hesabu unazofundisha mwenyewe. Urefu wa fokasi milimita 400 ukigawa kwa 10 unapata ukuzaji wa mara 40. Lenzi za kawaida za jicho zina uwanja, yaani upana wa duara unaloliona ukichungulia, wa nyuzi 50 hivi. Gawa kwa 40, unabaki na kipande cha mbingu cha nyuzi 1 na robo. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani robo nyuzi kila dakika. Kwa hiyo kitu ulichokiweka katikati kabisa kinafika ukingoni baada ya dakika mbili na nusu. Ukimpa kila mtoto nusu dakika, wa tano anakikuta mlangoni na wa sita hakikuti kabisa. Usiku mzima basi utakuwa unaisogeza darubini nusu nyuzi, kila baada ya watoto watatu au wanne, na kila mara lazima isimame pale pale ulipoiachia. Hiyo ndiyo kazi ya kichwa chako. Kubeba uzito ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo.

Gololi haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mpiga picha huielekeza kamera upande anaotaka, hukaza, hupiga, humaliza. Ndani yake kuna mpira mmoja unaobanwa na kikombe, na ukiulegeza umelegea pande zote kwa pamoja. Huwezi kuiambia ipande bila pia kuiruhusu ipinduke. Na ule mshuko unaouona ukiachia mkono hutokea kwa sababu mpira na kikombe huendelea kujiweka sawa baada ya kukazwa, na uzito wa darubini unavuta kuelekea chini. Kwenye picha ya harusi mshuko wa robo nyuzi hauonekani. Kwenye ukuzaji wa mara 40 ni sehemu moja ya tano ya uwanja wako wote. Gololi ya kilo 20 itapunguza mshuko huo, nakubali, lakini kufuata kitu haitaweza, kwa sababu bado ni mpira mmoja usio na mihimili.

Na zile kilo za kwenye boksi usizitegemee. Zinaeleza uzito ambao kichwa kinaweza kuubeba ukiwa umekaa vizuri juu yake, si namna kinavyokwenda ukikiinua. Hapa ndipo fizikia yako inaingia. Darubini iliyofungwa juu ya kichwa ina kitovu chake cha uzito sentimita kadhaa juu ya mhimili. Ikiwa imelala mlalo, kitovu kiko wima juu ya mhimili na momenti, yaani nguvu ya kuizungusha, ni sifuri, kwa hiyo dukani kila kitu kinaonekana kizuri. Iinue mpaka iangalie juu kabisa: kitovu kimehama, kimekwenda nyuma ya mhimili. Kilo 1.8 ni nyutoni 18 hivi; kama umbali ni sentimita 10, umepata momenti ya nyutoni-mita 1.8 inayovuta mkia wa darubini chini, na hakuna kitu cha kuipinga isipokuwa msuguano. Ukikaza msuguano uishike, huwezi kuisogeza taratibu. Ukilegeza uisogeze, inadondoka. Umenaswa katikati, na hakuna fundi atakayekutoa hapo kwa kukuuzia kichwa kikubwa zaidi cha aina ile ile.

Kichwa cha kufunga ubavuni kinaondoa tatizo hili kwenye mzizi. Mrija wa darubini unakaa pembeni, mhimili wa kupanda na kushuka unapita karibu na kitovu cha uzito wa darubini yenyewe. Ukishausogeza mrija mbele au nyuma kwenye reli yake (kile kipande kirefu cha chuma kilichofungwa chini yake) mpaka ukatulia mlalo bila kushikwa, utatulia pia ukiwa umesimama wima, kwa sababu kitovu hakihami. Hapo msuguano kidogo tu unatosha, na kusogeza kwa ncha ya kidole kunawezekana.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hili haliandikwi kwenye maelezo mengi ya bidhaa. Vichwa hivi vingi huchaguliwa na kusifiwa na watu wanaoishi mbali kaskazini. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini ya ikweta. Mwaka 2020 sayari ya Mshtarii (Jupita) ukiwa kwenye kilele chake cha usiku ulionekana huko kwenye nyuzi 16 hivi tu juu ya upeo. Mtu wa huko anaweza kukitumia kichwa cha kamera miaka mingi asijue kwamba hakifiki juu. Wewe uko karibu nyuzi 5 kusini. Mwezi na sayari zote angavu, zikifika kilele chake Kondoa, huwa zimepita nyuzi 55 juu ya upeo, na mara nyingi zimepita sana. Wanafunzi wako wanalijua hilo bila darubini: mapema Machi na tena mapema Oktoba Jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa na kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Njia hiyo hiyo ndiyo ya Mwezi, Mshtarii na Zohali (Satani). Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu kichwa chochote ni je, kinafika utosini, na kikifika kinatulia? Kisichoweza hivyo hakikufai, hata kiwe na jina gani.

Ndiyo maana stendi ya ikweta naikataa, ingawa binamu amewaza kwa upendo. Ni chombo kizuri mahali pake. Mhimili wake mmoja lazima uinuliwe kwa pembe inayolingana na latitudo ya mahali, ili uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Kondoa pembe hiyo ni nyuzi 5, yaani mhimili unakaribia kulala kabisa. Stendi nyingi ndogo za ikweta hazishuki hivyo. Kipimo chake huishia kwenye nyuzi 15 au 20. Na hata ukiilazimisha, fimbo ya uzito wa kusawazisha itagonga mguu wa tripodi. Juu ya hayo, kuilenga vizuri kwa kawaida kunataka uione ncha ya mbingu, pale mhimili wa Dunia unapoelekea. Nyota ya Kaskazini kwenu haionekani, na ncha ya kusini iko nyuzi 5 juu ya upeo, ndani ya vumbi na vilima. Ongeza vyuma vya kusawazisha vya kubeba kwa bodaboda. Hapana, Mwalimu.

Rafiki yako wa video. Kichwa cha video kina mihimili miwili iliyotengana, na ndani yake kuna grisi nzito inayofanya mwendo uwe laini, usiokwama na kuruka. Sahani yake ya juu huteleza mbele na nyuma, hivyo unaweza kusawazisha mrija. Kwa kazi yako kinaishinda gololi kwa mbali. Kasoro zake ni mbili. Bado darubini inakaa juu, kwa hiyo ile momenti ipo palepale. Vichwa vikubwa vina springi ya kuipinga, ila imepimwa kwa kamera nzito, na darubini ya kilo 1.8 husukumwa irudi mlalo. Kasoro ya pili ni kwamba vingi vinainama chini nyuzi 90 lakini kwenda juu vinaishia nyuzi 60 au 70. Dawa ya hilo ipo na ni ya bure: geuza darubini, ifunge kinyume juu ya sahani, mkia ukae upande wa mbele wa kichwa. Sasa "chini" ya kichwa ndiyo "juu" ya darubini, na nyuzi 90 umezipata. Mpini utakuwa upande wa mbele na utauzoea. Mwombe rafiki akuazime kichwa chake siku ambazo hana harusi, ukitumie hivyo mpaka binamu afike. Usikubali tu kukinunua kwa fedha ya mwisho uliyonayo.

Kuna pia vichwa vya gia vya wapiga picha. Manfrotto 410, kwa mfano, kinatajwa kubeba kilo 5 na chenyewe kina kilo 1.2 hivi. Ukizungusha kitasa, kichwa kinakwenda kidogo kidogo na kinabaki ulipokiacha bila kukazwa, jambo ambalo kwenye foleni ya watoto ni neema. Ukikipata cha mtumba kwa bei nzuri, usikiache. Lakini kina mhimili wa tatu usiouhitaji na darubini bado inakaa juu, kwa hiyo kwa fedha ya kitu kimoja ningebaki na cha ubavuni.

Majina ya kumpa binamu: Sky-Watcher AZ5 ndiyo ningeianza kuitafuta, kichwa peke yake bila tripodi. Ina mwendo wa polepole pande zote mbili na inafungwa kwenye tripodi ya kamera. Vixen Porta II ni nzuri na inasifika kwa haki, ila huuzwa na tripodi yake na kwa begi lako ni kubwa. Atakapouliza dukani huenda wakamwonyesha Sky-Watcher AZ-GTi, yenye mota, inayoongozwa kwa simu na kukifuata kitu yenyewe. Nayo hubeba kilo 5 na ni ndogo. Inavutia, na kwa foleni ndefu kukifuata kitu bila kuguswa ni jambo kubwa. Lakini inakula betri 8 za ukubwa wa AA au umeme wa volti 12, na mkiishiwa katikati ya usiku kijijini itabidi muisukume kwa mkono, kwa sababu vitasa vya polepole haina. Kwa shule isiyo na uhakika wa umeme ningeanza na vitasa. Mota inaweza kuja baadaye, kwa tripodi hiyo hiyo.

Kabla hujamwandikia, pima vitu viwili. Kwanza skrubu ya juu ya tripodi. Zipo za aina mbili, robo inchi na inchi 3/8. Yako uliyoiita nene bila shaka ni ya 3/8, takriban milimita 9 na nusu, na hiyo ndiyo vichwa hivi vinaitaka. Pili, angalia chini ya mrija. Kama kuna reli yenye ubavu wa mteremko na upana wa milimita 44 hivi, hiyo ni ya mtindo wa Vixen na itaingia moja kwa moja. Kama upana ni milimita 38, ni ya mtindo wa Arca ya kamera na haitabanwa sawasawa. Usiilazimishe, darubini itaanguka. Kama kuna tundu la skrubu ya robo inchi tu, binamu aongeze reli fupi ya Vixen na skrubu yake. Reli hiyo ni kitu kidogo, lakini ikikosekana kichwa kipya kitakaa kabatini mpaka likizo nyingine.

Kikifika, kijaribu mchana kabla ya watoto. Tafuta mnara wa simu ulio mbali, weka lenzi ya milimita 10, lenga taa ya juu, achia mkono. Isishuke. Gonga mrija kwa kidole na uhesabu: mtikisiko ukiisha ndani ya sekunde mbili au tatu, umefaulu. Ukiendelea, tazama miguu kwanza. Ile nguzo ya katikati ya tripodi isiinuliwe kamwe, ndiyo inayotikisika kuliko kichwa chochote, na begi lako liking'inizwa chini yake linasaidia. Halafu inua mrija mpaka utosini na uachie tena. Mchana usiuelekeze karibu na Jua hata kwa bahati mbaya. Ukitaka kulionyesha Jua, sharti kuwe na kichujio maalumu kinachofunika lenzi ya mbele.

Usiku wenyewe, mambo machache. Anza na lenzi ya milimita 20. Uwanja wake ni nyuzi 2 na nusu, Kilimia kinaingia chote, Mwezi unakaa humo mzima na nafasi inabaki, na unapata dakika tano kabla ya kusogeza. Kitu kilicho utosini kabisa ni kigumu kwa kichwa chochote cha mihimili miwili, kwani kuzunguka kushoto na kulia hapo hakukisogezi popote, na kikivuka utosi upande wake unageuka ghafla kutoka mashariki kwenda magharibi. Subiri saa moja. Kitakuwa kimeteremka nyuzi 15 na vitasa vitakitii. Usikiweke katikati ya uwanja unapomwita mtoto, kiweke ukingo kinakoingilia, ili kiende kikipita uwanja wote mbele ya watoto wanaofuata. Na watoto waweke mikono mgongoni wanapoinama. Wataushika mrija bila kukusudia, kila mtu huushika, na hakuna kichwa cha bei yoyote kinachostahimili mikono thelathini.

Kisha waulize wanachokiona, si kama wameona. Anayetazama Mshtarii akuambie kuna nukta ngapi (ndiyo miezi yake) pembeni yake na ziko upande gani. Akisema mbili kushoto na moja kulia, chungulia uhakikishe, mwite anayefuata. Akinyamaza, zungusha kitasa kidogo na umrudishe palepale kwenye lenzi.

Binamu mwandikie hivi: "Kichwa cha darubini cha mihimili miwili, cha kufunga ubavuni, vitasa vya polepole pande zote mbili, tundu la chini 3/8, kishikio cha reli ya Vixen, bila tripodi." Mwambie amwonyeshe muuzaji maneno hayo, na avifungue vitasa na kuviweka ndani ya soksi kabla ya kufunga sanduku, maana shina la kitasa ndilo linalopinda safarini.